Kwa Nini Parachichi Lililopondwa Hugeuka Jeusi?

Maparachichi ya Kalinzi na Manyovu hufika katika soko la Mwanga, mjini Kigoma, asubuhi na mapema. Baada ya saa chache mengine huwa yamekwisha kufika kwa mama lishe walio karibu na mwalo wa Kibirizi, ambao huyaponda pamoja na kitunguu, nyanya, pilipili, chumvi na ndimu, yakawa kitoweo cha kando kwa ugali wa muhogo na dagaa. Saa tatu asubuhi chakula hicho ni cha kijani kibichi na kinavutia. Saa saba mchana kimekuwa na rangi ya udongo, na mteja hukitazama mara moja tu akasema kimeoza. Basi hutupwa.

Mteja huyo amekosea, kwa kuwa parachichi lililobadilika rangi kwa saa nne halijaoza. Lakini siku ya pili huenda akala kwa furaha sahani ya kijani safi ambayo vitunguu vyake vilioshwa kwa maji yaliyotekwa ziwani na kutumiwa bila kuchemshwa. Hapo pia macho yake yamemdanganya, na safari hii kosa lake laweza kumgharimu maisha. Mambo hayo mawili, rangi na usafi, aghalabu huchukuliwa kuwa ni jambo moja, na sayansi ya kila moja yafaa kuelezwa peke yake.

Tunda na jamaa zake

Mparachichi, ambao wanasayansi huuita Persea americana, asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Watu wa huko waliosema lugha ya Nahuatl waliliita tunda lenyewe ahuacatl, na chakula kilichotokana na kuliponda katika kinu cha jiwe wakakiita ahuacamolli, yaani mchuzi wa parachichi. Wahispania walilitamka neno hilo kwa namna yao, na ndivyo lilivyopatikana jina guacamole ambalo limeenea duniani. Mpishi wa Ujiji anayeponda parachichi kwa mchi au kwa uma anafanya kazi ile ile, ingawa yeye hukiita chakula chake kachumbari ya parachichi.

Mti huu ni wa jamii moja na mdalasini. Jambo hilo huwashangaza wanafunzi wengi, kwani matunda yao hayafanani hata kidogo. Ua lake nalo lina tabia ngeni: hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza huwa jike, tayari kupokea chavua. Kisha hujifunga, na siku ya pili hufunguka tena likiwa dume, likitoa chavua. Miti mingine huwa jike asubuhi na mingine huwa jike alasiri, hivyo nyuki huchukua chavua kutoka mti mmoja hadi mwingine. Kwa sababu hiyo kokwa likipandwa huzaa mti usiofanana kabisa na mama yake. Miti mingi ya vijijini ilioteshwa kwa kokwa, na ndiyo maana katika fungu moja sokoni hupatikana tunda refu na la mviringo, lenye ngozi laini na lenye ngozi ya mabaka, lenye nyama nzito na lenye maji mengi. Aina iitwayo Hass, ambayo hulimwa Njombe, Mbeya na Kilimanjaro kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo, huenezwa kwa kubebesha vikonyo, na kwa hiyo matunda yake yote hufanana. Mti wake wa kwanza uliota California, nchini Marekani, katika shamba la tarishi aliyeitwa Rudolph Hass, ambaye aliusajili kuwa mali yake mwaka 1935.

Pevu na bivu

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili mahali ambapo lugha nyingine hutatanisha. Tunda pevu ni tunda lililokomaa. Tunda bivu ni tunda lililoiva. Embe laweza kuwa pevu na kisha bivu likiwa bado mtini. Parachichi sivyo. Hupevuka mtini, lakini haliivi hata likiachwa huko kwa wiki nyingi. Huanza kulainika baada tu ya kuchumwa. Kwa hiyo mkulima anaweza kuutumia mti wake kama ghala, akachuma kidogo kidogo kadiri ya mahitaji. Lakini anayechuma tunda ambalo halijapevuka, kwa haraka ya kupata fedha, hupata tunda linalonywea na kuwa gumu kama mpira. Mafuta ya tunda huongezeka linapokuwa mtini, na maji hupungua. Lililochumwa mapema halina mafuta ya kutosha, na likipondwa hutoa maji maji yasiyo na ladha.

Kinacholiivisha parachichi ni gesi iitwayo ethilini, ambayo tunda lenyewe huitengeneza. Kabla ya mwaka 1934 ilijulikana kwamba gesi hiyo huweza kuivisha matunda, lakini mwaka huo Mwingereza Richard Gane alithibitisha kwamba matunda yenyewe huitoa. Kiasi kidogo sana chatosha kuamsha kazi hiyo, na tunda likiisha kuanza hutoa gesi zaidi, nayo huchochea tunda la jirani. Kina mama wa pwani na wa bara wamelitumia jambo hilo tangu zamani kwa kuvundika: ndizi au maembe hufukiwa katika chungu au gunia ili hewa yake isitoke. Parachichi likifunikwa chunguni pamoja na ndizi mbivu, huiva mapema kuliko lililoachwa mezani, kwa sababu ndizi huikopesha gesi yake. Kwa upande mwingine, parachichi ambalo halijaanza kuiva likitiwa katika jokofu lenye baridi kali, seli zake huumia na huenda lisiive vizuri kamwe. Jokofu ni la tunda ambalo tayari limeiva.

Ukuta unapobomoka

Nyama ya parachichi, kama nyama ya tunda lolote, imejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli vitu hukaa katika vyumba mbalimbali vilivyotengwa kwa utando mwembamba. Katika chumba kimoja, ambacho ni kama mfuko wa maji, zimo kemikali za jamii ya fenoli. Katika chumba kingine kimo kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia. Kimeng'enya hiki kina chembe za madini ya shaba ndani yake, na kazi yake ni kuziunganisha fenoli na oksijeni ya hewani. Maadamu tunda ni zima, kimeng'enya na fenoli havikutani. Kisu kinapokata, au mchi unapoponda, tando hizo hupasuka, vitu vikachanganyika, na hewa ikaingia. Fenoli hugeuzwa kuwa kemikali nyingine, ambazo nazo hushikamana zenyewe kwa zenyewe zikawa minyororo mirefu yenye rangi ya hudhurungi, na mwishowe nyeusi.

Yafaa kukumbuka kwamba jambo hili si la parachichi pekee. Biringani lililokatwa, kiazi kilichomenywa na ndizi iliyogongwa hubadilika kwa njia hiyo hiyo. Chai ya Mufindi na ya Rungwe huwa nyeusi kwa sababu viwandani majani mabichi hukatwakatwa kwa makusudi, kisha huachwa hewani ili vimeng'enya vifanye kazi. Bila ya hapo yangebaki kijani. Hata rangi ya ngozi ya binadamu hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya chenye shaba kilicho jamaa ya hicho. Kitu kimoja, basi, huitwa uharibifu katika bakuli la mama lishe na huitwa ustadi katika kiwanda cha chai.

Rangi hiyo haina sumu. Hupunguza uzuri wa chakula na huleta uchungu kidogo, basi. Tabaka la juu likiondolewa kwa kijiko, chini yake huonekana kijani kama mwanzo, kwa kuwa oksijeni haikufika huko.

Ndimu, chumvi na maji

Mtu akiisha kuelewa kwamba vinahitajika vitu vitatu, yaani kimeng'enya, fenoli na oksijeni, njia za kuzuia weusi hujieleza zenyewe. Fenoli haziwezi kutolewa. Kimeng'enya chaweza kuuawa kwa moto, na ndiyo sababu kiazi kilichochemshwa hakiwi cheusi. Lakini parachichi likipikwa huwa chungu, kwa hiyo njia hiyo haifai hapa. Yabaki mawili: kukidhoofisha kimeng'enya na kuizuia hewa.

Ndimu hufanya la kwanza. Kimeng'enya cha parachichi hufanya kazi vizuri mahali pasipo na ukali mwingi, kama ilivyo nyama ya tunda lenyewe, ambayo kipimo chake cha pH ni kati ya 6 na 7. Maji ya ndimu yana pH ya kiasi cha 2 hadi 2.5. Yakichanganywa, kimeng'enya hulegea. Tena asidi ya sitriki iliyomo huishika ile shaba na kuifungia kazi, na vitamini C hurudisha nyuma fenoli zilizokwisha kubadilika kabla hazijafanya rangi. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo linalodumu: vitamini C ikiisha kutumika, weusi huanza. Ndimu huchelewesha tu. Kwa sababu hiyo yapasa itiwe mwanzo, parachichi linapopondwa, wala isisubiriwe mpaka mwisho kama kiungo cha kupendezesha.

Maji hufanya la pili. Lita moja ya hewa ina oksijeni ipatayo miligramu 270. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 haiwezi kushika zaidi ya miligramu 8 hivi. Zaidi ya hayo, oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno ikilinganishwa na mwendo wake hewani. Mpishi anayetumbukiza ndizi za kupika au viazi vilivyomenywa katika sufuria ya maji hutumia kanuni hiyo. Kadhalika parachichi lililopondwa likisawazishwa vizuri katika bakuli, kisha likamwagiwa juu yake maji safi ya kina cha nusu kidole, hukaa kijani kwa saa nyingi. Maji humwagwa kabla ya kula. Jani la mgomba lililolainishwa motoni na kulazwa juu ya chakula chenyewe, bila ya kuacha nafasi ya hewa, husaidia pia. Kifuniko cha bakuli hakitoshi, kwa sababu hewa iliyobaki kati yake na chakula ni nyingi.

Chumvi nayo hukidhoofisha kimeng'enya kidogo, lakini kiasi kinachohitajika kwa kazi hiyo kingeharibu ladha. Kazi yake kubwa ni nyingine: huvuta maji kutoka katika nyanya na kitunguu, ndiyo maana kachumbari iliyotiwa chumvi mapema hujaa maji chini. Wakazi wa Kigoma hawana haja ya kutafuta chumvi mbali. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi, zimechemshiwa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, kama waakiolojia walivyoonyesha katika taarifa waliyoichapisha mwaka 1968. Yafaa tu kuhakikisha kwamba chumvi inayonunuliwa imetiwa madini joto.

Namna ya kutengeneza

Kwa watu wanne yatosha maparachichi matatu ya kadiri, nusu kitunguu maji, nyanya moja ngumu, pilipili moja, ndimu mbili na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Majani ya giligilani yakipatikana hutiwa. Yasipopatikana si hoja. Mikono, kisu, ubao na ngozi za maparachichi huoshwa kwanza, kwani kisu kinachopita juu ya ngozi chafu huuingiza uchafu katika nyama safi. Kitunguu hukatwa vipande vidogo, husuguliwa kwa chumvi na kusuuzwa, ili ukali wake upungue. Ukali huo pia huzaliwa pale seli zinapokatwa na vitu vilivyotengwa vikakutana. Nyanya huondolewa mbegu na maji yake. Ndipo maparachichi hupasuliwa, yakatiwa maji ya ndimu papo hapo na kupondwa kwa uma, lakini si mpaka yawe laini kabisa: kadiri seli zinavyopasuka nyingi na hewa kuchanganywa ndani, ndivyo weusi unavyokuja upesi. Vitu vingine huchanganywa mwisho, karibu na wakati wa kula.

Mpishi atagundua kwamba pilipili ile ile haiwashi sana katika parachichi kama inavyowasha katika mchuzi wa maji. Kemikali inayowasha, iitwayo kapsaisini, huyeyuka katika mafuta, wala si katika maji, na mafuta ya tunda huizuia isiufikie ulimi yote.

Mafuta hayo yanastahili neno zaidi, hasa Kigoma, nchi ya mawese. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayoganda kwa urahisi, na ndiyo maana asubuhi ya baridi huonekana mazito katika chupa. Katika parachichi sehemu kubwa zaidi ni asidi ya oleiki, ambayo hubaki kioevu. Mawese mekundu, kwa upande wake, yana karotini nyingi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na parachichi haliwezi kushindana nayo hapo. Lakini karotini na rangi nyekundu ya nyanya haziingii mwilini vizuri bila ya mafuta. Mwaka 2005 watafiti wa chuo kikuu cha Ohio, nchini Marekani, walitangaza kwamba watu waliokula kachumbari ya nyanya pamoja na gramu 150 za parachichi walifyonza rangi nyekundu ya nyanya mara 4.4 na karotini mara 2.6 kuliko walipokula kachumbari hiyo peke yake. Watu waliochunguzwa walikuwa wachache, 11 tu, lakini matokeo yanakubaliana na yanayojulikana juu ya mafuta na vitamini.

Maganda na majani ya mparachichi yasipewe mbuzi, sungura wala ndege wa kufugwa. Yana kemikali iitwayo persini ambayo haimdhuru mlaji wa tunda, lakini huharibu viwele na moyo wa wanyama.

Kijani si kipimo cha usafi

Chakula hiki hakipiti motoni. Kila kijidudu kilichoingia na maji, mikono au mboga hubaki humo hadi mdomoni. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji kidogo cha Kagunga, kwenye ufuko wa ziwa karibu na mpaka, mahali ambapo vyoo na maji safi havikutosha hata kidogo. Kipindupindu kikazuka, na watu wapatao 30 wakafariki, wakati meli ya MV Liemba ikiwahamisha wakimbizi kuja Kigoma.

Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu sana. Katika siku tulivu mawe huonekana mita nyingi chini. Uangavu huo huwafanya wengi wayaamini. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakiyatii maji rangi. Tena maji ya juu ya ziwa yana pH ipatayo 9, na kijidudu hicho kinapenda hali ya namna hiyo: katika maabara, wataalamu wanaokitafuta hukiotesha katika maji yaliyofanywa kuwa ya alkali kwa makusudi. Jambo hilo peke yake halina maana kwamba kila ndoo ya maji ya ziwa ina ugonjwa. Maana yake ni kwamba maji yakichafuliwa na kinyesi, ziwa lenyewe halitakiua kijidudu hicho kwa haraka.

Je, ndimu haiwezi kukiua? Swali hili ni la haki. Katika Guinea-Bisau, wakati wa milipuko ya miaka ya 1990, watafiti waliona kwamba watu waliotia maji ya ndimu katika mchuzi wao wa wali waliugua kipindupindu mara chache zaidi kuliko wengine, na katika maabara ndimu ilikizuia kijidudu hicho kuongezeka katika chakula. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1997 na mwaka 2000. Lakini ukali unaohitajika ni ule wa pH iliyo chini ya 4.5 hivi, na kijiko kimoja au viwili vya ndimu katika bakuli la parachichi mara nyingi haviufikishi. Ndimu, basi, ni msaada wa nyongeza. Maji ya kuoshea vitunguu na nyanya, na yale ya kumwagia juu ya bakuli, lazima yawe yamechemshwa au kutiwa dawa ya klorini, na chakula chenyewe kiliwe siku ile ile.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya yote kwa parachichi moja bivu na visahani sita. Tunda hupondwa na kugawanywa sawasawa. Kisahani cha kwanza huachwa hivi hivi. Cha pili hutiwa kijiko cha maji ya ndimu na kukorogwa. Cha tatu hufunikwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Cha nne hutiwa chumvi. Cha tano huwekewa kokwa la parachichi katikati, kwani watu wengi husema kwamba kokwa likiachwa ndani ya bakuli huzuia weusi. Cha sita huwekewa kokoto safi ya ufukweni, yenye ukubwa kama wa kokwa hilo. Wanafunzi huandika rangi ya kila kisahani kila baada ya nusu saa, kwa muda wa saa tatu, nao wasivionje.

Mwishoni kokwa na kokoto huinuliwa kwa pamoja. Chini ya kila kimoja huonekana duara la kijani, na pembeni mwa yote mawili parachichi limekwisha kuwa jeusi.